Masharti ya Siha katika Vituo vya Kulea Watoto, California

Masharti haya ni jumla ya kanuni ambazo kwa mujibu wake kila kituo chenye leseni ya kulea watoto mchana, katika jimbo hilo la Marekani, hubeba dhamana ya afya ya mtoto tangu anapokabidhiwa hadi anaporejeshwa kwa wazazi wake. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1984, na tafsili yake imo katika Fungu la 22 la kanuni za jimbo.

Kubwa miongoni mwake, nasi twaliona ndilo roho ya mengine yote, ni sharti la ukaguzi wa asubuhi. Aliyemleta mtoto hana ruhusa ya kuondoka mpaka mlezi awe amemtazama mtoto huyo, akaridhika kwamba hana homa, hatapiki, wala haonyeshi dalili nyingine bayana ya maradhi, ndipo ampokee. Akiugua baadaye hutengwa na wenzake, chini ya uangalizi, na mzazi huarifiwa mara moja aje kumchukua.

Lakini ukaguzi hauna maana iwapo watoto wamezidi macho ya kuwatazama, na kwa hiyo mlezi mmoja kituoni haruhusiwi kuwa na wachanga zaidi ya wanne. Mchanga asiyetimiza miezi 12 hulazwa chali, kitandani mwake pasiwe na mto wala blanketi, na kila dakika 15 mlezi humwendea, akaangalia pumzi zake na rangi ya ngozi yake, kisha akaandika daftarini aliyoyaona. Kazi hiyo si ya bure: tangu mwaka 1992, madaktari wa watoto wa Marekani waliponasihi wachanga wasilazwe kifudifudi, vifo vya ghafula vya usingizini vimepungua kwa zaidi ya nusu.

Juu ya chanjo palizuka mzozo mkali. Zamani mzazi aliweza kukataa mwanawe asichanjwe kwa hoja ya itikadi yake. Surua ilipozuka Disneyland mwezi Desemba 2014, ikaenea hata nje ya jimbo, ndipo mwaka uliofuata ikapitishwa sheria namba 277, ambayo mmoja wa watungaji wake, Seneta Richard Pan, alikuwa mwenyewe tabibu wa watoto. Sheria hiyo iliifuta ruhusa ile kuanzia 2016, ikabakiza udhuru wa kitabibu tu. Twauafiki uamuzi huo pasi na shaka, kwani mtoto wa miezi sita, ambaye kwa kawaida ya huko hajafikia umri wa kuchanjwa surua, hukingwa na chanjo ya mwenzake. Walezi nao hutakiwa wawe na kinga ya surua na kifaduro.

Vinywaji vilivyotiwa sukari vimekatazwa tangu 2012, na maji safi ya kunywa sharti yapatikane wakati wote. Na kwa kuwa madini ya risasi huudhuru ubongo wa mtoto ilhali majini hayana ladha wala harufu, sheria ya 2018 imevilazimisha vituo vilivyomo katika majengo ya kabla ya 2010 kupima maji yao kila miaka mitano. Bomba likionekana lina risasi kupita kiasi hufungwa, na watoto wakapewa maji ya kutoka kwingine.