Orodha na Ushahidi: Ufundishaji wa Mabadiliko ya Tabianchi katika Shule za Sekondari

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania kinacholeta mabadiliko ya tabianchi, naye atakuhesabia kwa vidole: kukata miti, kuchoma mkaa, moshi wa viwandani, moshi wa magari. Mwulize tena, "Tumejuaje?" Hapo vidole husimama. Mada yenyewe imo katika masomo yake. Makala haya yanadai kwamba kasoro iko katika umbo la somo: mwanafunzi hupewa majibu bila njia iliyoyazaa.

Umbo hilo linatokana na mtihani. Swali linalotaka hoja sita hutoa alama sawa kwa kila hoja, hivyo tanuri la mkaa la kijijini hupewa uzito uleule wa mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Ni kweli kwamba mkaa unamaliza misitu na kukausha vyanzo vya maji. Hata hivyo, Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani. Orodha haina mizani. Mtoto wa mkulima anatoka darasani akiamini kwamba ukame uliokausha mahindi ya nyumbani kwao ni kosa la mama yake.

Kilimanjaro inaonyesha vizuri zaidi udhaifu huo. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba kati ya 1912 na 2000 eneo la barafu ya mlima huo lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 80. Wakakadiria kuwa hali ikiendelea hivyo, barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Watafiti wengine, akiwamo Georg Kaser, walisisitiza ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19: theluji mpya ilipungua, na pale kileleni kwenye baridi kali, barafu nyingi hugeuka mvuke bila kupitia maji.

Mwaka 2020 ulipita. Asubuhi mawingu yakifunguka, mwanafunzi wa Moshi bado anaiona barafu kutoka dirishani. Aliyekaririshwa kwamba "barafu itakwisha" ana haki ya kusema amedanganywa. Aliyefundishwa ushahidi atatenganisha mambo matatu: kipimo cha upungufu, ambacho hakijatenguka, maelezo ya chanzo, ambayo wataalamu wamebishania, na makadirio ya tarehe, ambayo hayakutimia. Atajua pia kwamba ongezeko la joto duniani halithibitishwi na mlima mmoja.

Walimu watajibu kwamba madarasa yamefurika na muda hautoshi, na kwamba kuonyesha mabishano ya wanasayansi ni kupanda shaka. Hoja ya muda ni nzito. Ya shaka haina nguvu, kwa sababu shaka iliyofundishwa kupima ni kinga dhidi ya uzushi.

Kikwazo kigumu zaidi ni lugha. Orodha hukaririka kwa lugha yoyote, lakini kubishana kwa hoja kunahitaji lugha unayoimudu, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba "gesijoto" na "tabianchi" ni maneno ambayo mwanafunzi huyasikia redioni, wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mwelekeo wa vuli na masika, na hayaunganishi na alichoandika daftarini.

Hatuhitaji kusubiri mtaala mpya. Watunga mitihani waanze na swali moja: wampe mtahiniwa takwimu za mvua za miaka 30 za wilaya moja, aeleze zinathibitisha nini na haziwezi kuthibitisha nini. Swali likibadilika, mwalimu atabadili somo.