Miche Mezani pa Bwana

Wengi wameuliza kwa nini kamati ya Yubile imeweka upandaji wa miti katikati ya ibada, na si baada ya chakula kama ilivyozoeleka. Jibu lina historia.

Neno yubile lenyewe latoka Walawi 25. Mwaka wa hamsini haukuwa wa watu pekee. Ardhi nayo ilipumzishwa. Lakini mfano uliotugusa zaidi ni wa Zimbabwe. Huko, sheria ya ardhi ya 1930 iliwatengea walowezi sehemu kubwa ya ardhi nzuri, Waafrika wakasongamana kwenye maeneo duni. Hata baada ya uhuru wa 1980 msongamano haukuisha. Mkoani Masvingo miti ilikatwa kwa kuni na mashamba, udongo ukachukuliwa na maji.

Mwaka 1991 makanisa huru ya Kiafrika ya huko, mengi yakiwa ya Kizayuni na ya Mitume, yaliunda umoja wa kutunza ardhi, yakishirikiana na mwanateolojia Marthinus Daneel. Walichukua Ushirika Mtakatifu wakaufanya ibada ya kupanda miti. Miche iliwekwa karibu na meza, waumini wakaizunguka wakiimba na kucheza (wanakwaya, mmesikia?). Kisha toba, na hapa ndipo penye uzito: mtu aliungama hadharani kwamba amekata miti bila kupanda mingine, au amelima ukingoni mwa mto. Mharibifu wa ardhi aliitwa mchawi, neno ambalo hakuna kijiji kinacholichukulia kwa mzaha. Ndipo walipopokea mkate na divai, wakaenda kupanda, wakiusemesha mche walipouweka shimoni. Walitegemea Wakolosai 1:17, kwamba Kristo ndiye anayeshikilia viumbe vyote.

Hapa kwetu Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement mwaka 1977, alipendekeza Wakristo wapande miti Jumatatu ya Pasaka, kwa kuwa msalaba ulitokana na mti. Wazo hilo halijashika sana, labda kwa sababu siku hiyo wengi tumo ndani ya matatu tukirudi mjini.

Kijito kilicho nyuma ya kanisa, ambamo wazee wetu walibatizwa, mwaka huu kilikauka Januari. Miche 50 ya mikuyu itapandwa kandokando yake mara tu baada ya Ushirika. Besi wana zamu ya kumwagilia mwezi wa kwanza, soprano watafuata. Ndoo ziko vestri.