Nipe Mji: Masomo ya Mtoto Kabla ya Shule

Watu wengi wanapoieleza historia ya elimu nchini mwetu huanzia kwenye majengo: chuo cha Kurani, shule ya misheni, shule ya serikali. Mtoto wa miaka minne au mitano, ambaye hajafikia umri wa kuingia majengo hayo, husahauliwa kana kwamba alikuwa amelala akingoja kuamshwa. Fikira hiyo yapotosha. Mtoto huyo alikuwa na darasa lake, na mwalimu wake mara nyingi alikuwa bibi yake.

Darasa lilianza baada ya chakula cha jioni. "Kitendawili!" "Tega!" Na tuchukue kimoja kijulikanacho na wote: "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto hujaribu mtungi, akakataliwa, hujaribu boga, akakataliwa, hujaribu kaburi, wakubwa wakacheka. Jibu hapewi upesi. Katika kutafuta huko amevipitia vyombo vya jikoni na mimea ya shambani, akavipima kwa umbo na kwa matumizi. Yai litajwapo hatimaye, hulipokea kama mali aliyoitolea jasho.

Lakini utamu wa mchezo u katika kushindwa. Mwenye kushindwa hutakiwa atoe mji. Akisema, "Nakupa Bagamoyo," mtegaji aweza kuukataa na kudai mwingine ulio bora zaidi. Akiridhika, husimulia jinsi alivyofika huko na alivyokirimiwa, ndipo afumbue. Kwa hiyo mtoto asiyekuwa na miji kichwani alikuwa maskini mchezoni, naye ilimpasa kuwadadisi wazazi mchana kutwa: baada ya Bagamoyo kuna nini? Akapewa Pangani, Kilwa, Tabora, Ujiji. Hiyo ni jiografia, ikifundishwa bila ramani wala kiboko. Mimi hupenda kudhani kwamba aliyeibuni kanuni hii alikuwa mzee wa safari nyingi aliyekosa wa kumsimulia.

Sehemu nyingi ilikatazwa kutega vitendawili mchana, na watoto walitishwa kwamba mvunja mwiko ataota pembe. Sababu yafahamika: mchana ni wa jembe. Hata hivyo katazo lilizaa jambo jingine, nalo ni kwamba mtoto alishinda akilitamani somo la usiku.

Hesabu nayo ilikuwa na uwanja wake. Katika mdako mtoto hurusha kijiwe juu, na kabla hakijashuka huvichota vingine kutoka shimoni, kisha huvirudisha na kubakiza idadi itakiwayo. Akikosea kuhesabu, mwenziwe humnyang'anya zamu papo hapo.

Chuo cha Kurani, ambacho Mtoro bin Mwinyi Bakari alikieleza katika kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, kilimpa mtoto herufi, adabu na nguvu ya kukumbuka. Fimbo haikuwa mbali, na kukariri kulitangulia kufahamu. Hata hivyo, washairi wetu wa pwani walioandika tenzi kwa hati ya Kiarabu walizipata herufi chuoni. Kupenda fumbo, naamini, walikupata ukumbini kwa bibi.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alipendekeza watoto wasianze shule wakiwa na miaka mitano au sita, bali saba au minane, ili wamalizapo waweze kufanya kazi. Nia ilikuwa njema, lakini maana yake kwa mzazi haikutiliwa mkazo wa kutosha: miaka saba ya kwanza iliachwa mikononi mwake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kuanzia mwaka 1977 madarasa yalifurika. Watoto wengi waliingia humo pasipo kupitia shule ya awali. Walioketi na wazee wao jioni hawakuingia mikono mitupu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo kuwa wa lazima. Hatua hizo ni za kushukuriwa. Huko Mombasa, tangu miaka ya 1980, na baadaye Unguja, madrasa za watoto wadogo zilianza kutumia vifuu, vitambaa na hadithi za kienyeji kama zana za kufundishia, pamoja na masomo ya dini.

Lakini zipo shule za awali za mijini zimpokeazo mtoto wa miaka minne kwa lugha asiyoisikia nyumbani. Kitendawili chamtaka athubutu kukosea kwa sauti, mtungi, boga, kaburi; huku yeye hujifunza kunyamaza mpaka awe na hakika. Jioni hurejea nyumbani na daftari la kunakili, na bibi aliye ukumbini huambiwa asimsumbue, kwa kuwa mtoto anasoma.