Rekodi Iliyotufundisha Haleluya

George Frideric Handel alitunga Masihi mjini London mwaka 1741, kwa siku 24. Iliimbwa kwa mara ya kwanza hadharani Dublin, Ayalandi, tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yakawasaidia wagonjwa na wafungwa wa madeni. Kwaya ya siku hiyo ilikuwa ndogo.

Sisi pia tulikuwa wachache tulipoamua kujifunza Haleluya. Kwa kuwa wengi wetu hawasomi nota, rekodi ndiyo ingekuwa mwalimu, hivyo tuliichagua kwa makini. Ile ya Thomas Beecham ya 1959 ina okestra kubwa na matoazi. Inasisimua, lakini alto wetu hawakuisikia sauti yao. Ya Colin Davis ya 1966 ni nyepesi zaidi. Ya Christopher Hogwood, iliyotoka 1980, ina ala za enzi za Handel, na soprano ni wavulana. Humo kila sauti husikika inapoingia.

Tukaichagua hiyo. Ilitufundisha kwamba kwaya ndogo haihitaji kupaaza sauti, inahitaji kusikilizana. Katika Jubilii hii, hilo ndilo tunalowaachia watakaotufuata. Mungu apewe sifa.