Ada ya Taka na Ulinzi wa Ardhi

Msomaji, huenda umepata kusikia watu wakinung'unika juu ya ada ya kuzoa taka, wakisema kuwa ni kodi nyingine iliyoongezwa juu ya kodi. Manung'uniko hayo aghalabu yana sababu. Hata hivyo, ada iliyopangwa kwa hekima yaweza kuwa mlinzi wa ardhi na maji, na historia ya Korea Kusini yatupa ushahidi.

Tangu mwaka 1978 taka za mji wa Seoul zilimwagwa Nanjido, kisiwa cha Mto Han kilichokuwa na mashamba. Jaa hilo lilipofungwa mwaka 1993, palikuwa pamesimama vilima viwili vya taka, kimo chao kupita meta 90. Zamani hizo ada ilitozwa kwa kadiri ya ukubwa wa nyumba au kodi ya mali, wala si kwa kadiri ya taka. Aliyetupa kikapu kimoja na aliyetupa vikapu kumi, nyumba zao zikiwa sawa, walilipa sawa. Mwangalifu hakupata faida, na mbadhirifu hakupata hasara.

Tarehe 1 Januari 1995 kanuni ilibadilishwa nchini kote. Kila nyumba ilitakiwa kununua mifuko maalumu ya halmashauri yake, na ada ikawa imo katika bei ya mfuko. Karatasi, chupa na vyuma vilivyotengwa vilichukuliwa bure. Basi kila mtu akaanza kupima alichokitupa. Mwaka 1994 taka za mtu mmoja zilikadiriwa kuwa kilo 1.3 kwa siku. Mwaka uliofuata zilishuka hadi kama kilo 1.1.

Je, mambo yalikuwa mepesi? La. Wako waliotupa taka kwa siri ili wasinunue mfuko, na wako waliozichoma. Ikabidi faini zitozwe, na mafukara wapewe mifuko bila malipo. Mwaka 2005 ilikatazwa kufukia mabaki ya chakula majaani, na tangu mwaka 2013 mabaki hayo nayo hutozwa ada kwa kadiri ya wingi wake. Vilima vya Nanjido vilifunikwa udongo, vikapandwa majani na miti, na mwaka 2002 vikafunguliwa kuwa bustani ya watu wote.

Hapa tujifunze mambo matatu. Ada isiyopima haimfundishi mtu kupunguza taka. Ada isiyomwangalia maskini ni dhuluma, nayo humsukuma kutupa taka mtoni. Tena, ada inayolipwa na gari lisije huvunja imani ya walipaji, na imani ikivunjika sheria hubaki karatasi tupu.

Kwa hiyo, utakaposikia habari za ada hiyo mjini kwenu, usiulize tu ni shilingi ngapi. Uliza pia inapima nini, inamwachaje asiye na kitu, na taka zikichukuliwa zinapelekwa wapi.