Herufi Zilizokatika: Historia ya Stensili Nzito na ya Mlazo

Stensili ni bamba jembamba la shaba, zinki au karatasi ngumu lililokatwa kwa umbo la herufi, ili rangi ipite kwenye uwazi na kuacha alama juu ya gunia, sanduku au ukuta. Ugumu wake umo katika herufi zenye tumbo, yaani nafasi iliyozungukwa pande zote kama ile ya O, A, B na R, kwani tumbo hilo lisiposhikizwa kwenye ukingo kwa vijidaraja vya bamba lenyewe huanguka, na herufi ikabaki doa. Mikato inayoonekana katika maandishi haya ni alama za vijidaraja hivyo.

Ni kosa kudhani kwamba ufundi huu ulizaliwa bandarini au jeshini. Katika karne ya 17 na ya 18, mafundi wa Ufaransa waliutumia kuandika vitabu vikubwa vya ibada, ambavyo viliwekwa mbele ya wanakwaya ili wasome kutoka mbali, na Benjamin Franklin, alipokuwa mjumbe wa Marekani mjini Paris, alinunua seti ya herufi za namna hiyo mwaka 1781 kutoka kwa fundi aitwaye Bery. Sura ya kijeshi ilikuja baadaye, hasa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), ambapo askari walinunua vibamba vya shaba vilivyokatwa majina yao ili kutia alama nguo na mizigo.

Badiliko kubwa zaidi lilitokea pale wachapaji walipoanza kuiga mikato hiyo katika herufi za risasi, ambazo hazikuihitaji hata kidogo. Nchini Ujerumani, Josef Albers wa shule ya Bauhaus aliunda herufi za stensili kwa mraba, pembetatu na robo duara, na mwaka 1929 mbunifu Paul Renner akatoa chapa, yaani aina ya herufi za uchapaji, iitwayo Futura Black. Mwaka 1937 nchini Marekani, R. Hunter Middleton wa kampuni ya Ludlow na Gerry Powell wa American Type Founders walitoa, kila mmoja kwa upande wake, chapa iliyoitwa Stencil. Ile ya Powell, yenye herufi kubwa tupu, nene na za pembe zilizoviringwa, ndiyo iliyoenea hadi kwenye mabango ya filamu za vita.

Kuinenepesha na kuilaza herufi ya namna hii ni kazi inayodai jicho kali kuliko inavyodhaniwa. Herufi ikinenepeshwa, tumbo lake hupungua, na kijidaraja kikiwa chembamba hupotea machoni, ilhali kikipanuliwa mno huigawa herufi vipande visivyosomeka. Mlazo huongeza uamuzi mwingine: mkato ukisimama wima hupingana na mwinamo wa herufi na kuipa ukali, lakini ukifuata mwinamo huo neno zima huonekana kama linakwenda mbio, na ndiyo maana mtindo huu hupendwa katika michezo na magari ya mashindano.

Leo chapa nyingi za stensili huchorwa kwa kompyuta bila bamba lolote. Hata hivyo, fundi anayekata jina kwenye geti la chuma kwa mashine hukutana upya na sharti lile la mafundi wa Ufaransa, na asipochagua chapa yenye vijidaraja imara, tumbo la kila A na kila O litaanguka sakafuni.