Kingamwili Kwenye Uso wa Kihisi: Tuhesabu Zilizo Hai

Kipimo cha haraka cha malaria hutoa mstari mwekundu pale antijeni inaposhikwa na kingamwili mbili: moja imebebeshwa chembe za dhahabu, nyingine imegandishwa kwenye ukanda. Zisipokubaliana, mstari hautokei. Vihisi vya mwanga visivyotumia alama havina shahidi huyo wa pili. Husoma tu jinsi mwanga unavyobadilika karibu kabisa na uso, na chochote kinachotua hapo, kiwe kilengwa au uchafu, huhesabiwa kuwa uzito ulioongezeka. Kwa sababu hiyo nadai kwamba ubora wa kihisi cha namna hii huamuliwa zaidi na upachikaji wa kingamwili kuliko na mashine yenyewe, na kwamba makala nyingi tunazosoma zinaripoti namba isiyotufaa. Zinataja wingi wa kingamwili zilizonata, lakini hazisemi ni ngapi zinazofanya kazi.

Mwaka 1983, Liedberg, Nylander na Lundström wa Linköping, Sweden, waliziacha protini zinate zenyewe juu ya utando wa fedha, kisha wakaona kingamwili zake zikitua. Ilitosha kuthibitisha wazo, lakini protini inayonata hivyo hujikunjua, hupoteza umbo, na baadaye hubanduka. Kifaa cha Biacore kilipoingia sokoni mwaka 1990, nacho kutoka Sweden, uso wake wa dhahabu ulikuwa umefunikwa kwa dekstrani yenye vikundi vya kaboksili. Vikundi hivyo huamshwa kwa kemikali ili vifungane na amini za protini. Kingamwili huletwa katika bafa yenye pH ya karibu 5, ambamo huwa na chaji chanya na kuvutwa na dekstrani yenye chaji hasi. Mwisho ethanolamini huziba nafasi zilizobaki. Mpaka leo hiyo ndiyo njia ya kawaida, na ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba haichagui.

Amini hizo ziko kwenye lisini, na lisini zimetapakaa mwili mzima wa kingamwili, mikononi na shinani. Kingamwili moja hufungwa kwa shina, ikasimama wima. Jirani yake hufungwa kwa mkono ule ule ambao ungeshika antijeni. Mashine huzihesabu sawa.

Hesabu ya kufichua hali hiyo ni nyepesi. Kwenye vifaa vya aina hii, kizio kimoja cha mwitiko hulingana takriban na pikogramu 1 ya protini kwa kila milimita ya mraba. Tuseme kingamwili yenye kilodaltoni 150 imepachikwa hadi vizio 1,500, na antijeni yake ina kilodaltoni 30. Kwa kuwa kila kingamwili ina mikono miwili, uso ukijaa tungetarajia vizio 600. Antijeni ikimiminwa mpaka uso ushindwe kupokea zaidi, na mchoro ukakoma kwenye 150, basi ni robo tu ya nafasi za kushikia zilizo hai. Robo hiyo ndiyo ingepaswa kuandikwa kwenye makala. Vizio 1,500 vinaeleza mzigo, havielezi uwezo.

Wengi hukimbilia protini A ya bakteria Staphylococcus aureus, inayoshika shina la kingamwili na kuiacha mikono huru. Ndani ya bafa safi matokeo hupendeza. Lakini seramu ya binadamu ina kingamwili zake yenyewe, IgG, takriban miligramu 10 kwa kila mililita, nazo hujaza nafasi za protini A zilizobaki wazi, tena huweza kuziondoa kingamwili za panya ambazo zilishikwa kwa ulegevu. Kihisi huonyesha ishara kubwa, na ishara hiyo si ya ugonjwa wowote. Kwa sampuli za damu, ningechagua kufunga kingamwili kwa kemikali kupitia sukari zilizoko shinani mwake, hata kama idadi itapungua. Sampuli ndiyo iamue njia ya kupachika.

Kuongeza msongamano nako hakuokoi. Kingamwili zikibanana, antijeni kubwa hukosa pa kupita, na molekuli inayoachiwa hukamatwa tena kabla ya kuondoka, kwa hiyo kasi ya kuachiana huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kuna pia albumini. Katika seramu hufikia miligramu 35 hadi 50 kwa mililita, ilhali kilengwa huenda ni nanogramu chache: tofauti ya zaidi ya mara milioni. Kulinganisha na mfereji mtupu wa kifaa, usio na kingamwili, hakutoshi, maana dekstrani tupu hainasi uchafu kama inavyonasa ikiwa imebeba protini. Mfereji wa ulinganisho unapaswa kubeba kingamwili isiyohusika, ya aina ile ile, kwa msongamano ule ule, na iliyopachikwa kwa njia ile ile.

Wahariri wanaweza kulidai hili tangu toleo lijalo. Mwandishi aonyeshe sehemu iliyo hai ndani ya sampuli halisi, na aipime upya baada ya uso kuoshwa kwa glisini yenye asidi mara kadhaa, kwa sababu asidi inayong'oa antijeni huharibu pia baadhi ya kingamwili, na kihisi kilichosahihishwa asubuhi huweza kupunguza usomaji wa sampuli za alasiri.